Usilale Mapema: Mwongozo kwa Mtu wa Usiku

Ushauri wa watu unaujua kwa moyo. Lala mapema, weka simu mbali, kunywa maziwa ya moto, sali, acha mawazo. Umeujaribu. Saa tatu usiku ulikuwa kitandani, taa imezimwa, chandarua kimechomekwa vizuri, na saa nane ulikuwa bado unasikiliza feni. Asubuhi ukaitwa mvivu. Ulipochelewa kazini mara ya pili, hakukosekana wa kukukumbusha kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Tena iko mitaa ambako taa ya chumbani ikiwaka saa tisa usiku huzua maneno mabaya kuliko hayo.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeishi na hali hii kwa miaka. Aliyekosa usingizi wiki hii kwa sababu ya msiba, ada ya shule au mtoto mchanga, usingizi wake kwa kawaida hurudi wenyewe mambo yakitulia. Wewe ulianza zamani, pengine ukiwa sekondari, na ukichunguza ukoo wenu huenda ukamkuta mjomba au shangazi wa namna yako.

Jambo la kwanza la kubadilisha ni lile unaloambiwa kila siku ulifanye. Usilale mapema. Saa unayopanda kitandani ina nguvu ndogo juu ya usingizi wako. Nguvu iko kwenye saa unayoamka, na kwenye mwanga unaoupata ukishaamka.

Kwanza, jua una tatizo lipi

Watu wawili wanaweza kulalamika kwa maneno yale yale, "sipati usingizi", lakini kila mmoja akahitaji tiba yake.

Wa kwanza ana *usingizi uliochelewa*. Mwili wake unalala vizuri tu, ila unaanza saa nane au saa tisa usiku na unataka kuendelea hadi saa nne au saa tano asubuhi. Mwachie likizo bila kengele ya simu, atalala fofofo na kuamka mzima. Anayemwonea ni ratiba ya wengine. Hali hii ilielezwa kitabibu mwaka 1981 na daktari Elliot Weitzman na wenzake huko New York. Wagonjwa wao walidhaniwa hawawezi kulala, kumbe waliweza, mradi wachague saa wenyewe.

Wa pili ana *usingizi uliokataa*. Hata likizo anagaagaa. Au anapitiwa na usingizi saa nne, anashtuka saa tisa, na ndiyo basi tena. Tatizo huitwa sugu linapotokea angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, na likaharibu na mchana.

Wapo wenye yote mawili, na kwa walioteseka tangu ujana hilo si ajabu: walizaliwa watu wa usiku, wakalazimishwa kulala mapema miaka mingi, mwisho wakaanza kukiogopa kitanda chenyewe. Ukijiona hapa, anza na hatua za usingizi uliochelewa, kisha uangalie kilichobaki.

> JIPIME
>
> 1. Likizo ndefu, bila kengele na bila mtu wa kukuamsha, unalala na kuamka saa ngapi? Je, unaamka umeshiba usingizi?
> 2. Ukilala kwa saa zako mwenyewe, unapitiwa haraka au bado unagaagaa?
> 3. Akili yako inachangamka zaidi saa tatu asubuhi au saa nne usiku?
> 4. Ukikaribia kitanda jioni, usingizi uliokuwa nao kwenye kochi unakimbia?
>
> Ukijibu kwamba likizo unalala vizuri na usiku ndipo unapochangamka, tatizo lako ni kuchelewa. "Ndiyo" kwa swali la 4 ni dalili ya usingizi uliokataa.

Kabla hujabadilisha chochote, andika kwa wiki mbili. Daftari la shule linatosha. Kila asubuhi jaza: ulizima taa saa ngapi, unakadiria ulipitiwa saa ngapi, uliamka mara ngapi, uliamka moja kwa moja saa ngapi, ulitoka kitandani saa ngapi. Ongeza usingizi wa mchana, na saa ulizotumia kahawa, chai, kola, mirungi au pombe. Usitazame saa usiku ili upate namba sahihi. Makadirio ya asubuhi yanatosha, na kutazama saa gizani ni sehemu ya ugonjwa.

Kwa nini mwili unakataa

Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély wa Zürich, Uswisi, alieleza usingizi kama kazi ya nguvu mbili zinazokwenda pamoja. Ukizielewa, hatua zinazofuata utazifuata kwa akili yako, si kwa kukariri.

Ya kwanza ni njaa ya usingizi. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo, na kadiri unavyokaa macho ndivyo njaa inavyokua. Ukisinzia nusu saa kwenye daladala ya jioni, umekula kitafunwa kabla ya chakula cha usiku. Kafeini haikushibishi. Inakalia nafasi ambazo adenosini ingekaa, ubongo usihisi njaa iliyopo. Na haitoki upesi: baada ya kama saa 5, nusu ya ile uliyokunywa bado imo mwilini. Vikombe viwili vya kahawa chungu barazani baada ya Isha bado vinafanya kazi usiku wa manane. Kwa mjamzito, na kwa anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango, kafeini hukaa muda mrefu zaidi. Hata baadhi ya vidonge vya maumivu ya kichwa vinayo. Soma maandishi ya pakiti.

Ya pili ni saa ya mwili, yaani kikundi kidogo cha chembe hai ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Mzunguko wake kwa mtu mzima ni wastani wa saa 24 na dakika kama 10, kwa hiyo kila siku lazima irekebishwe, na mrekebishaji mkuu ni mwanga unaoingia machoni. Kwa baadhi ya watu mzunguko ni mrefu kuliko huo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller walionyesha kwamba badiliko kwenye jeni moja, CRY1, huirefusha saa hiyo, na waliolirithi huchelewa kulala. Umri nao una mkono wake: saa ya mwili huchelewa kuanzia balehe hadi karibu miaka 20, halafu hurudi nyuma polepole. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeamshwa saa kumi alfajiri akasinzia darasani hana ukaidi wowote.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hawalijui. Katika saa mbili tatu kabla ya usingizi wako wa kawaida, saa ya mwili hukuweka macho kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Kama mwili wako hulala saa saba usiku, basi saa nne hadi saa sita ndipo unapokuwa mkavu macho kabisa. Huo ndio wakati unaoambiwa upande kitandani. Utajilaza, utashindwa, utakasirika, na kesho yake kitanda kitakukumbusha hasira hiyo.

Na kama bado kuna anayekuambia kwamba kukesha si asili ya mwanadamu, mpeleke kwa Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi. Watafiti waliwavalisha watu wazima 33 vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Katika siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa usingizini kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Vijana walichelewa kulala, wazee waliamka mapema, kambi ikawa na walinzi bila kupangiana zamu. Watafiti wenyewe wanadhani tofauti hizi zilitufaa tulipokuwa tunalala porini. Mimi ningeongeza kwamba hata leo kuna mtu lazima awe macho wodini saa tisa usiku, na ni bora awe yule ambaye mwili wake haumpingi.

Usingizi uliochelewa: jinsi ya kuiwahisha saa

Kanuni ni hii. Mwanga wa jioni na wa usiku huichelewesha saa ya mwili. Mwanga wa asubuhi huiwahisha. Kati yao kuna mpaka, kwa kawaida kama saa 2 au 3 kabla ya muda ambao mwili ungeamka wenyewe, pale joto la mwili linapokuwa limeshuka kabisa.

Mpaka huo ndio unaowaangusha watu. Chukua mtu ambaye huamka mwenyewe saa nne asubuhi. Mpaka wake uko karibu na saa moja au saa mbili. Akijilazimisha kuamka saa kumi na mbili na nusu akaenda kukimbia juani, ubongo wake unaupokea mwanga ule kama wa usiku, na saa inazidi kuchelewa. Ndiyo maana wengine hufuata ushauri mzuri wa "pata jua la asubuhi" na hali yao ikawa mbaya zaidi. Asubuhi inayohusika ni ya mwili wako, si ya ukutani.

1. Chagua kipindi chenye nafasi. Likizo ni bora. Ukianza katikati ya wiki ya mitihani au ya kufunga mahesabu, utaishia njiani.
2. Siku mbili za kwanza amka muda wako wa asili, hata kama ni saa nne. Ndani ya dakika 15 uwe nje, ukae nusu saa au zaidi. Usivae miwani ya jua, wala usilitazame jua lenyewe. Kivuli cha mwembe kinatosha, kwa sababu nje, hata siku ya mawingu, mwanga unazidi wa sebuleni mara nyingi. Chai inywee barazani. Hapa sisi wa karibu na ikweta tuna bahati ambayo mtu wa Ulaya huinunua kwa taa maalumu: jua letu halibadilishi sana saa zake mwaka mzima.
3. Kila baada ya siku mbili, wahisha kuamka kwa nusu saa, na mwanga uwahi pamoja nako. Usiruke. Anayetoka saa nne hadi saa moja kwa siku moja anavuka mpaka na kurudi alikoanza.
4. Saa 3 kabla ya kulala, punguza mwanga. Zima taa kubwa nyeupe ya dari, tumia balbu ndogo ya njano, ielekee ukutani. Simu ipunguze mwanga pia, ingawa kwa maoni yangu simu inasingiziwa kidogo. Taa ya dari humulika chumba kizima kuliko kioo cha simu. Kinachokufanya ukeshe kwenye simu ni ubishi wa kundi la WhatsApp.
5. Panda kitandani unaposinzia kweli, si kwa kuwa imefika saa fulani. Kuamka ndiko kwenye saa maalumu, kulala kutafuata.
6. Ukifika unapopataka, shikilia hapo. Jumamosi na Jumapili usizidishe saa moja. Harusi au mkesha wa kanisani ukikufikisha majogoo, lala kidogo asubuhi, amka, toka nje, na usiku unaofuata ulale kama kawaida. Usingizi wa hadi saa nane mchana unabomoa kazi ya wiki mbili.

Usitarajie miujiza. Mtu wa saa tisa usiku akifika saa sita amefanya kazi kubwa, na wengi wangeweza kuishi vizuri wakibaki hapo. Ukiacha kufuata hatua hizi, saa itateleza tena. Si kwamba tiba imeshindwa. Hali hii hutunzwa, haiponi.

> KUHUSU MELATONINI
>
> Melatonini ni homoni ambayo ubongo huitoa giza likiingia. Haifanyi kazi kama dawa ya kulaza mtu. Inauambia mwili kwamba usiku umefika. Kwa hiyo kumeza miligramu 10 ukiwa umeshapanda kitandani ni kupoteza pesa. Kwa kuiwahisha saa, dozi ndogo ya nusu miligramu hadi miligramu 1 huweza kutosha, ikimezwa saa kadhaa *kabla* ya muda wako wa kawaida wa kulala.
>
> Mwone daktari au mfamasia kwanza, hasa ukiwa mjamzito au unanyonyesha, una kifafa, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kilichomo kwenye kidonge mara nyingine hakilingani na kilichoandikwa kwenye chupa, basi nunua duka la dawa linaloaminika. Usiendeshe chombo baada ya kumeza.

Usingizi uliokataa: jinsi ya kupatana na kitanda

Tatizo hili huanza kwa sababu moja na kuendelea kwa nyingine. Huenda lilianza na mkopo au ugonjwa wa mzazi. Mkopo ukalipwa, mzazi akapona, lakini kwa miezi ile kitanda kilishakuwa mahali pa kuwazia. Sasa ukikiona tu, moyo unaanza mbio. Tena kwa kuogopa kukosa usingizi ukaanza kuufukuzia: kulala saa mbili usiku, kubaki kitandani hadi saa moja asubuhi, kujilaza mchana. Usingizi wako mdogo ukasambaa kwenye saa nyingi, ukawa wa mang'amung'amu.

Tiba yake ina sehemu mbili, na mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza tiba ya namna hii itangulie vidonge. Inachosha mwanzoni. Wiki ya kwanza utaichukia.

*Sehemu ya kwanza: kitanda ni cha usingizi.* Mwanasaikolojia Richard Bootzin aliieleza mwaka 1972.

1. Kitandani ni kulala na tendo la ndoa tu. Kula, mahesabu ya duka, mpira kwenye simu na mazungumzo ya ada yafanyike kwingine.
2. Panda ukiwa unasinzia.
3. Ukihisi umekaa macho kama dakika 20, au hasira imeanza kupanda, ondoka. Usihesabu kwa saa.
4. Kaa penye mwanga hafifu, fanya jambo lisilo na haraka: kukunja nguo, kuchambua mchele, kusoma kitabu ulichokwisha kusoma, kuvuta tasbihi. Ukisinzia, rudi. Ukishindwa tena, toka tena.
5. Amka saa ile ile kila siku, usiku uwe ulikuwaje.

"Nitoke niende wapi, na chumba ni kimoja?" Tandika mkeka chini upande wa pili, au weka kiti karibu na mlango. Kinachotakiwa ni mwili utoke kitandani. Ukiwa na mwenzako kitandani, mweleze mapema, asije akaamka saa nane akakukuta kwenye kiti gizani akadhani una kinyongo naye.

*Sehemu ya pili: bana muda wa kitandani.* Hii ni ya Arthur Spielman, mwaka 1987. Daftari lako la wiki mbili linahitajika hapa.

Tuseme unakaa kitandani kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa 9. Wastani wa usingizi halisi ni saa 5 na nusu. Jumlisha nusu saa: utaruhusiwa saa 6 kitandani. Chagua muda wa kuamka ambao utauweza kila siku, tuseme saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hesabu saa 6 kurudi nyuma: hupandi kitandani kabla ya saa tano na nusu usiku, hata ukiwa unasinzia kwenye kochi. Baada ya wiki, piga hesabu tena. Ikiwa unalala angalau asilimia 85 ya muda wa kitandani, yaani saa 5 na dakika chache kati ya 6, ongeza dakika 15 upande wa usiku. Wiki nyingine ikienda vizuri, ongeza tena. Endelea hivyo hadi mchana ukae sawa. Watu wazima wengi huhitaji saa 7 au zaidi.

> ONYO
>
> Usibane muda chini ya saa 5 na nusu. Usifanye tiba hii peke yako ikiwa una kifafa, umewahi kuugua ugonjwa wa akili wenye vipindi vya furaha na nguvu kupita kiasi, una ujauzito, au kazi yako ni kuendesha gari, bodaboda, kreni au mashine. Wiki za kwanza utasinzia mchana.

Joto ni adui wa pekee kwa mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga. Ili ulale, mwili unahitaji kupoa. Oga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala. Damu ikija kwenye ngozi, joto la ndani linatoka. Fungua dirisha mapema jioni. Umeme ukikatika na feni ikasimama, shuka lililoloweshwa na kukamuliwa husaidia. Chandarua usikitoe hata kikikupunguzia upepo. Malaria nayo haimpi mtu usingizi.

Ikiwa saa haisogei, sogeza maisha

Wapo waliofanya yote na mwili ukagoma. Kwao, na kwa asiyetaka kupigana, iko njia ya tatu.

Tafuta kazi inayokufaa kwa saa zako. Wodi, ulinzi, viwanda, uokaji mikate, vyumba vya habari na redio vinahitaji watu wa usiku. Anayefanya kazi kwa intaneti kutoka Nairobi au Arusha akihudumia wateja wa New York ana ratiba iliyomngojea: saa tatu asubuhi yao ni saa kumi au saa kumi na moja jioni yetu, kutegemea msimu. Kitu kimoja tu: omba zamu isiyobadilika. Zamu za kuzunguka, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku, humchosha hata mtu wa usiku. Kwa wa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Ulizia yako.

Nyumbani, usingoje ugomvi uanze. Zungumza mchana, watu wakiwa wametulia, na uje na unachotoa kabla ya unachoomba. Mke anayeishi kwa wakwe anaweza kuanza hivi:

"Shikamoo, mama. Nilikuwa na jambo naomba nikueleze. Tangu nikiwa mdogo usingizi huwa unanichelewa, ni hali ya mwili. Naomba kazi za usiku mniachie mimi: vyombo, kuloweka maharage, kuandaa nguo za shule za watoto. Ila ile chai ya alfajiri, naomba wifi anipokee."

Kwa mwajiri, omba saa, usiombe huruma: "Mkuu, naomba niwe naingia saa tatu na kutoka saa kumi na moja na nusu. Naomba tujaribu mwezi mmoja, uone kazi inavyotoka." Ugonjwa usiutaje mpaka ulazimike.

Ramadhani watu wa usiku huionea raha, kwa kuwa mtaa mzima umehamia upande wao. Shida huja baada ya Idi. Kama una likizo, siku zake 4 au 5 za mwisho anza kuwahisha kuamka, usisubiri asubuhi ya kwanza ya kazi.

Barabarani hakuna mzaha. Utafiti wa Australia wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za umakini kama aliye na pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Ukijikuta hukumbuki kilomita mbili zilizopita, egesha. Kufungua dirisha na kuongeza muziki hakuondoi usingizi. Kulala dakika 20 garini kunasaidia.

Makosa yanayorudiwa

- *Pombe ya kulalia.* Inakulaza haraka, kisha inakuamsha saa tisa na kiu.
- *Kulipia deni Jumapili.* Ukilala hadi saa sita mchana, usiku wa Jumapili hutapata usingizi, na Jumatatu imeharibika kabla haijaanza.
- *Mirungi ya kukesha, halafu kidonge cha kulala.*
- *Dawa za mafua na mzio kama dawa za usingizi.* Baada ya siku chache mwili huzizoea, na uzito wa kichwa hubaki hadi mchana.
- *Vidonge vya kulala vya jirani.* Jamii ya diazepamu huleta utegemezi. Kama umezitumia muda mrefu, usiziache ghafla. Unaweza kupata degedege. Daktari atakupunguzia taratibu.
- *Kumtafuta aliyekutumia jinamizi.* Kuamka mwili umeganda na kuhisi mzigo kifuani hutokea ubongo unapoamka kabla ya misuli, na huzidi kwa mtu asiyelala vya kutosha au anayelala chali. Inatisha, lakini hupita kwa dakika chache.

Wakati wa kwenda hospitali

Usijitibu kwa mwongozo huu ikiwa unakoroma kwa nguvu na mwenzako anasema pumzi hukatika usiku. Ikiwa miguu inawashawasha au kuvuta kila unapojilaza (mara nyingine ni upungufu wa madini ya chuma). Ikiwa unapungua uzito, unatoka jasho na moyo unakwenda mbio. Nenda haraka ikiwa umekaa siku kadhaa bila kulala na huhisi uchovu, una mipango mikubwa na maneno mengi. Hiyo si kukosa usingizi kwa kawaida. Na ikiwa usiku unakuletea mawazo ya kujiua, usisubiri kuche. Mwamshe mtu.

Pitia pia dawa unazotumia. Prednisoloni na dawa za presha zinazoongeza mkojo kwa kawaida humezwa asubuhi. Dolutegravir, iliyomo katika dawa za VVU za sasa, huwakosesha baadhi ya watu usingizi, na mara nyingi kuhamishia dozi asubuhi kunatosha. Usiiache wala kuruka dozi, waulize wahudumu wa kliniki yako ya VVU (CTC).

Ukiingia kwa daktari, usiseme "sipati usingizi" peke yake, maana jibu la haraka la maneno hayo ni kidonge. Weka daftari mezani, useme: "Daktari, hizi ni wiki mbili zangu. Siku za kazi nalala saa hizi, likizo nalala saa hizi, na hizi ni dawa ninazomeza. Naomba tuangalie kama usingizi wangu umechelewa au umekataa." Kisha umwonyeshe ukurasa wa siku za mapumziko kabla ya kurasa nyingine.